Kalibu za Norval Tveit

Harlan Forks, Montana
9 Februari 2014

Bwana Pruett,

Huenda habari imeshakufikia: Baba alifariki tarehe 11 Januari. Alitoka kuondoa theluji mlangoni, akarudi ndani, akakaa kwenye kiti chake na buti miguuni, akatutoka. Mama yuko salama, anakula, analala. Ningekupigia simu, lakini anasema masikio yako hayapati tena kitu kwenye simu, kwa hiyo naandika.

Nitasema shida yangu moja kwa moja. Tarehe 14 Juni klabu ya shabaha itafanya mechi ya kumkumbuka Baba. Nataka kupiga siku hiyo, na nataka kupiga risasi nilizojaza mwenyewe kwenye benchi lake kule chini. Miaka yote alifundisha wenzake kujaza, darasa zima kila majira ya baridi, lakini mimi sikuwahi kukaa. Nilidhani muda upo.

Bastola ninayo, ya saizi ya arobaini, kama ile aliyokuwa nayo yeye. Maganda matupu ya risasi yapo ndoo nzima. Kinachonishinda ni kalibu, vile vyuma vya mviringo vyenye hesi vinavyofungwa juu ya presi, ile mashine ya mkono ya kujazia. Dukani kuna seti za aina kumi na sijui ipi ni ipi. Dwayne Skaar, ambaye ndiye mwenyekiti wa klabu siku hizi, ananiambia ninunue za kiwandani niache kujisumbua.

Sasa sikia kwa nini nakuandikia wewe. Krismasi nilimwambia Baba ningependa kujifunza. Akasema, "Ukitaka kujaza, muulize Burl." Nilidhani nimesikia vibaya. Mimi nilikuwapo 2006 alipotoka hospitali bila kidole cha shahada na nusu ya cha kati. Klabu nzima inajua kwamba aliishiwa risasi, ukampa risasi zako, bastola ikampasukia mkononi. Sijui kwa nini anitume kwa mtu huyo. Lakini ndivyo alivyosema, nami nimetii.

Corinne Tveit

*

Salmon, Idaho
16 Februari 2014

Corie,

Pole sana, mwanangu. Habari ilinifikia kwa njia ya gazeti. Nililia mbele ya dada yangu, na huyo ni mtu ambaye sipendi anione nikilia, maana atanikumbusha hadi nife.

Halafu, tangu lini nikawa Bwana Pruett? Nilikupakata ukiwa na meno mawili, ukatapikia shati langu la harusini. Ukiniita Mjomba kama zamani nitakujibu upesi zaidi. Usipoweza, nitakujibu vilevile, ila kwa kununa.

Haya, kalibu. Za bastola huuzwa kwa seti na kila moja ina kazi yake. Ya kwanza hulirudisha ganda kwenye umbo lake, maana likishapigwa huvimba, na hapohapo huing'oa fataki iliyokwisha kazi, kile kiwashio cha kwenye kitako. Ya pili hupanua mdomo wa ganda kidogo, kidogo tu, kichwa kipya, ile ncha inayoruka, kiingie bila kukwaruzwa. Ya tatu hukalisha kichwa juu ya baruti. Nunua seti ambayo ile ya kwanza ina pete ngumu ndani. Ya chuma cha kawaida itataka upake mafuta kila ganda, na siku utakayosahau, ganda litanasa humo. Baba yako aliwahi kunasisha moja akatukana kwa Kinorwei saa nzima, naye Kinorwei hakijui.

Kisha nunua ya nne, ya kubana mdomo peke yake. Wapo watakaokwambia ya tatu inakalisha na kubana kwa mpigo mmoja, kwa nini uhangaike. Waache. Anayejifunza afanye jambo moja kwa wakati mmoja. Na usibane kama unakunja pindo la sketi. Risasi ya bastola yako husimama kwenye mtutu kwa ukingo wa mdomo wake, kwa hiyo unaunyoosha tu ule upana ulioongeza, unaacha.

Nunua mpya. Za baba yako ziache. Ni za zamani, na kila mtu huziweka kalibu zake kwa mkono wake. Na kama kuna risasi zozote alizoziacha zimejazwa, usizipige. Unaijua sheria yetu, hakuna anayepiga risasi zilizojazwa na mtu mwingine, hata za ndugu yake. Zitie kwenye boksi, mpe Skaar azifungue vichwa na kuziharibu.

Msalimie mama yako. Au usimsalimie, utaona mwenyewe.

Burl

*

Harlan Forks
2 Machi 2014

Mjomba Burl,

Nimekuita, usinune.

Nilimpa Mama salamu zako. Alikuwa anamenya viazi. Alisema, "Anaendeleaje kifua?" nikasema sijui, akaendelea kumenya. Basi nakuuliza: unaendeleaje kifua?

Kuhusu kalibu, sitanunua. Nimezipata za Baba, za arobaini, kwenye sanduku lake jekundu, zimefungwa kwa kitambaa chenye mafuta. Ni nne, kama ulivyosema, na ya kwanza ina ile pete ngumu. Hazina kutu hata chembe. Nati za kubania zimekazwa, na kila moja ameichora mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma, ili ikisogea ajue. Inaonekana tangu aumie hakuzigusa tena. Siku zake za mwisho alijaza za rivolva tu.

Unaelewa nikikwambia nilikaa nazo mapajani nusu saa? Nguo zake Mama ameshazigawa. Gari kachukua kaka yangu. Lakini hapo kwenye ule mstari mweupe ndipo alipokaza kwa mkono wake, wakati vidole bado ni vitano. Nikizifunga kwenye presi, nitakuwa nafanya kazi kwa kipimo chake.

Nimeshaanza na ile ya kwanza. Maganda mia moja. Kumbe kuna raha yake: unashusha mkono wa presi, unasikia ganda linakaza, linalegea, fataki ya zamani inadondoka kwenye kikombe. Nilianza kuelewa kwa nini alikuwa anachelewa kupanda kula.

Niambie hatua inayofuata.

Corie

*

Salmon
9 Machi 2014

Corie,

Kifua kinakohoa, nami nakisikiliza tu. Mwambie mama yako nashukuru kwa kuuliza.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Nakuelewa kuhusu ule mstari. Ningekuwa wewe ningefanya hivyohivyo. Lakini nakuomba jambo moja kabla hujaendelea: zifungue nati zote. Zote nne. Zisafishe, kisha uanze upya, uziweke wewe. Nitakueleza.

Pandisha kiinuzi cha presi, kile chuma kinachobeba ganda, hadi juu kabisa. Teremsha kalibu ya kwanza kwa hesi yake hadi iguse. Kwa kuwa ina pete ngumu, irudishe juu unywele tu, isije ikagongwa ikapasuka, ndipo ukaze nati. Ya pili: iteremshe kidogokidogo, ukijaribu kwa ganda lilelile, hadi kichwa kikae mdomoni bila kuanguka. Ukiona mdomo umefunguka kama tarumbeta, umezidisha. Ya tatu ndiyo ya kuwa na adabu nayo. Ina msumari ndani unaosukuma kichwa. Unauteremsha nusu mzunguko, unapima kwa kalipa, kile kipimio cha taya mbili, urefu wa risasi nzima, unateremsha tena, unapima tena, hadi ufikie urefu ulioandikwa kwenye kitabu cha vipimo kwa kichwa kilekile ulichonunua. Ukibadilisha aina ya kichwa, unaanza upya. Kichwa chembamba na kichwa bapa haviguswi na msumari mahali pamoja.

Fungua zote, Corie. Nifanyie hilo. Kalibu huwa zinalegea kwenye sanduku hata kama mstari unaonekana sawa. Mtu yeyote anayejua kazi hii atakwambia hivyo.

Na zile risasi zake, umeshampa Skaar?

Mjomba Burl

*

Harlan Forks
30 Machi 2014

Bwana Pruett,

Naona nirudi kukuita hivyo.

Sijafungua nati. Barua ya kwanza ulitaka nisizitumie kabisa. Ya pili unataka nifute alipozikaza. Risasi zake unataka ziharibiwe, na unauliza kama nimeshazitoa, kana kwamba zinakuwasha huko Idaho. Nilimuuliza Dwayne kama ni kweli mtu asizitumie kalibu kama zilivyo. Alisema kusafisha ni vizuri, lakini Norval Tveit alikuwa fundi kuliko sisi wote na angezifunga leo bila wasiwasi. Kisha akasema, "Anayekushauri ni nani?" Nilipomtajia jina lako alinitazama kama mtu aliyekanyaga kitu.

Nilikutetea, ujue. Nilisema Baba mwenyewe ndiye aliyenituma. Sasa nafikiri labda Baba alikuwa na huruma kuliko mimi, alitaka tu nikupe nafasi ya kuomba radhi. Barua mbili zimepita, nawe hujasema hata neno moja kuhusu mkono wake. Umesema kuhusu shati lako la harusini.

Nina habari nyingine. Klabu imeamua: kile chumba cha kujazia risasi kitaitwa kwa jina lake. Kibao cha mbao kimeshachongwa. Siku ya mechi nitatoa hotuba fupi. Dwayne anataka niseme kidogo kuhusu uangalifu, kwamba miaka ishirini na miwili ya kufundisha hakuna risasi ya Norval iliyowahi kumdhuru mtu.

Nimenunua vichwa, kilo mbili, bapa, vizito. Kitabu ninacho. Jumamosi ijayo nitaendelea kwa kalibu zake, kama zilivyo.

Corinne Tveit

*

Salmon
3 Aprili 2014

Corie,

Hii nimempa kijana wa posta mkononi, naomba ifike kabla ya Jumamosi.

Niite utakavyo. Tumia kalibu za baba yako kama unataka. Lakini usiipige hata moja kabla hujaipima kwa kalipa. Jaza moja, bila baruti, bila fataki, kichwa na ganda tu. Ipime. Kisha fungua kitabu, tazama urefu wa kichwa bapa cha uzito huo. Ikiwa risasi yako ni fupi kuliko kitabu, kichwa kimezama mno, baruti imekosa nafasi, na bastola haiwezi kubeba nguvu hiyo.

Naandika haya nikijua utakachokiona. Nilitaka uzifungue ili usikione. Sasa naona ni afadhali ukione ukiwa na vidole vyote.

Burl

*

Harlan Forks
19 Aprili 2014

Mjomba Burl,

Barua yako ilifika Ijumaa ile, tarehe 4. Nilikuwa nimeshaweka kila kitu tayari mezani.

Kazi yangu ni kupima malori ya ngano kwenye ghala, unajua. Siku nzima nasoma mizani na wakulima wananibishia. Kwa hiyo nikipima kitu huwa sikosei. Nilijaza moja tupu kwa kalibu ya tatu, mstari mweupe ukiwa mahali pake. Ilitoka fupi. Si kidogo: fupi kwa unene wa kadi mbili za karata. Nilijaza ya pili, ya tatu, ya nne. Zote sawa.

Nikasema labda kweli nati imelegea. Kisha nikakumbuka boksi lililo nyuma ya rafu, lile ambalo sikumpa Dwayne kwa sababu ya ukaidi wangu. Juu yake pana mwandiko wa Baba: Septemba 2006, vichwa bapa vipya. Nilizipima zote hamsini. Ni fupi kama zangu, sawasawa kabisa.

Kisha nikatafuta vichwa alivyokuwa akitumia kabla ya hapo. Vipo kwenye kopo la kahawa. Vyembamba kwa mbele. Nikajaza kimoja kwa kalibu hiyohiyo. Kilifika urefu wa kitabu, barabara.

Alibadilisha vichwa, hakubadilisha kalibu. Mtu aliyewafundisha watu mia mbili wasifanye kosa hilo. Wiki mbili baadaye bastola ikampasukia.

Nimekaa na jambo hili wiki mbili bila kumwambia mtu. Kesho ni Pasaka na Mama anataka nilete viazi vya kuoka, nami sijui nitamtazamaje usoni. Nakuuliza swali moja na ninaomba unijibu bila mzaha. Siku ile, zilikuwa risasi zako?

Corie

*

Salmon
27 Aprili 2014

Corie,

Hapana.

Sikuwahi kumpa baba yako hata risasi moja, wala yeye mimi, miaka thelathini na moja. Alikuwa hatua mbili kulia kwangu ilipopasuka. Nilimfunga mkono kwa fulana yangu, nikamweka kwenye gari langu, nikaendesha. Njiani hakulalamikia maumivu. Alisema tu, "Ni kichwa, Burl. Nilibadilisha vichwa." Alikuwa ameshajua. Fundi kama yule anajua mara moja. Kisha akaanza kulia, na si kwa sababu ya vidole.

Lazima ujue jinsi mama yako alivyolichukulia lile benchi. Mjomba wake alikufa kwa baruti ya kuvunjia mawe mbele ya macho yake, yeye akiwa msichana mdogo. Aliposema ndiyo kwa benchi lile kuingia nyumbani mwake, alisema siku litakapomwaga damu, litatoka, na baba yako atoke nalo akipenda. Hakuwa anatania. Yule mwanamke hatanii.

Tulikuwa kwenye korido ya hospitali mama yako alipoingia. Hakuuliza hali. Aliuliza, "Zilikuwa za nani?" Baba yako alinitazama. Hakuniomba, nataka uandike hilo moyoni, hakufungua mdomo. Alinitazama tu. Nikasema, "Zangu. Norval alikuwa ameishiwa." Maneno manne yalinitoka kabla sijayafikiria.

Alisema ataweka mambo sawa wiki ijayo. Kisha akasema akipona mkono. Kisha klabu ikakaa kikao, nikaambiwa nisikanyage tena kwenye mstari wa kupigia, na nisiingie darasani. Watu niliowafundisha mimi mwenyewe kushika bastola walihamia meza nyingine nilipokuja kunywa kahawa. Baba yako alikuwa bado anatafuta siku nzuri ya kusema. Mwaka uliofuata nikafunga trela nikaja huku kwa dada.

Unataka kujua kama nilimkasirikia? Nilimkasirikia sana. Nilimchukia miaka mitatu mizima. Kisha nikaanza kumkumbuka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Aliniandikia mara mbili, nami sikujibu. Kwa hiyo usinifanye mtakatifu.

Naamini ndiyo maana alikutuma kwangu. Hakuweza kukwambia yeye, akaona nitakwambia mimi. Hadi mwisho alinitwika mimi, yule mzee.

Sasa sikiliza. Kibao kiache kitundikwe. Darasa lake lilikuwa zuri, na kosa moja halifuti watu mia mbili. Mimi nina miaka sabini na nne, klabu ya kule hainipi wala hainipunguzii kitu. Lakini usimwambie mama yako. Ameishi na yule mtu hadi mwisho kwa amani. Niliinunua kwa bei yangu mwenyewe, usiirudishe dukani.

Mjomba Burl

*

Harlan Forks
25 Mei 2014

Mjomba,

Nimeandika hotuba mara sita. Nikiacha kosa lile nje, kila sentensi inakuwa uongo wangu mimi, si wake tena. Nikilitia, namuumiza Mama mbele ya watu waliokuja kula nyama choma.

Jana nilipita klabuni kuona kibao. Kizuri, mti wa msonobari, herufi zimechomwa. Dwayne alikuwa anamwonyesha msichana mmoja mgeni jinsi ya kuweka kalibu ya tatu. Akamwambia, "Hapa ndipo Burl Pruett alipomkata mwenzake vidole." Alisema bila chuki, kama mtu anayetoa mfano. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikanyamaza. Nilirudi hadi kwenye gari nikanyamaza. Hadi sasa nimekasirika na nafsi yangu.

Unasema klabu haikupunguzii kitu. Sikuamini. Mtu asiyejali hafungi trela.

Nati zote nimezifungua. Nimefuta mistari. Nimeweka kalibu mwenyewe, nusu mzunguko, pima, nusu mzunguko, pima, hadi nikafika. Nilijaza mia moja, na kila ya kumi niliipima. Zote ziko sawa. Nililia kidogo nikifuta rangi.

Sijaamua la kufanya. Nitaamua kabla ya tarehe 14, na nitakachoamua kitakuwa changu. Nisamehe mapema kama utahitaji kunisamehe.

Corie

*

Harlan Forks
16 Juni 2014

Burl,

Sijui kuandika barua ndefu, kwa hiyo vumilia.

Jumamosi asubuhi Corinne alikuja kunichukua kwenda mechi. Nusu ya njia alisimamisha gari pembeni, karibu na daraja, akazima injini. Alikuwa na karatasi imekunjwa mkononi. Akasema, "Mama, kuna jambo kuhusu mkono wa Baba." Nikamwambia, "Najua."

Nimejua tangu siku ileile. Mimi ndiye nilimfungia begi lake asubuhi ile. Niliweka sandwichi mbili na tufaha, naye akaweka maboksi mawili ya risasi, hamsini na hamsini. Mechi ile ni ya risasi sitini. Uliponiambia pale korido kwamba ameishiwa, nilikuwa nimelishika mkononi begi lake, lile nililopewa mapokezi, na nilisikia uzito wake. Norval hakuwahi kuishiwa na kitu maishani mwake. Alikuwa anabeba kamba mbili za viatu za akiba.

Niliuliza "zilikuwa za nani" kwa sababu nilitaka aseme yeye. Nilikuwa nimeshaamua njiani kwamba akisema ukweli benchi litabaki. Hutaamini, lakini nilikuwa nimeamua. Ukasema wewe badala yake, naye akanyamaza, na mimi nikawa nimekasirika sana nikanyamaza pia. Nikasema nitamngoja. Ataniambia usiku huu. Ataniambia Krismasi. Nilimngoja miaka saba na zaidi, Burl. Alikuwa akishuka kule chini, nami nakaa juu nikisikiliza presi ikipanda na kushuka, nikisema labda leo.

Na wewe nilikuona ukifunga trela. Nilikuja hadi kwenye kona ya mtaa wako nikiwa na mkate kwenye kitambaa. Nikageuka. Ningekuambia ubaki, ingebidi nimwambie yeye kwamba najua, na yeye angejua kwamba nilikuacha uchafuliwe jina ili nishinde ugomvi wangu naye. Nilikula ule mkate mwenyewe.

Tulipofika klabuni, Corinne hakusoma karatasi yake. Nilisimama mimi. Niliwaambia kosa la Norval, kichwa gani na kalibu gani, na kwamba Burl Pruett hakumpa mtu risasi hata moja. Kisha nikawaambia mimi nilijua. Nilisikia mafuta ya nyama yakidondokea makaa. Dwayne alivua kofia. Kibao kimetundikwa, kwa sababu ndivyo ulivyotaka, Corinne aliniambia. Alishika nafasi ya nne. Risasi zake zilikwenda safi.

Klabu itakuandikia yao. Hii ni yangu. Wewe ulikuwa unanilinda mimi, na mimi sikuhitaji kulindwa. Nilihitaji mume wangu aseme maneno manne. Sikuombi unisamehe, maana nisingejua cha kufanya na msamaha huo ukija kwa posta.

Ardis

*

Salmon
24 Juni 2014

Ardis,

Barua yako imekaa mezani siku sita. Siku ya kwanza niliitupa kwenye pipa, dada akaitoa. Siku ya pili niliisoma kwa sauti nikiwa peke yangu, na nilikuita majina ambayo siwezi kuyaandika. Karibu miaka minane nilijifariji kwamba kuna mtu mmoja aliyelala salama kwa sababu yangu. Sasa naambiwa alikuwa macho.

Barua ya klabu pia imefika. Ina muhuri na sahihi tano. Nimeisoma mara moja.

Nitatoka hapa Jumamosi asubuhi. Dada ataendesha, mimi nitamkosoa. Sitaki sherehe, wala sitaki Skaar anivulie kofia. Nataka unipeleke kaburini kwa Norval. Nina maneno mengi ya kumwambia, mengi ni mabaya, na nataka uwepo usikie yote, kwa sababu nusu yake ni yako.

Kisha tutakaa tule. Leta ule mkate.

Burl